Mabwawa ya Ulaya na hesabu ya nishati: Kibaba hakipimi nguo

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii ikitajwa, wengi hufikiria fedha za duka au za chama cha ushirika. Lakini ipo mali nyingine ya umma inayoteketea kila siku pasipo kuandikwa popote, nayo ni nishati inayotumika ndani ya majengo ya umma. Katika nchi za baridi, tangu bei ya gesi na umeme ilipopanda kwa ghafula mwaka 2022, mali hiyo imezusha mjadala mkali juu ya jengo la aina moja: jengo lenye bwawa la kuogelea la ndani.

Mjadala huo unastahili kufuatwa na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu wa Tanzania, hata yule ambaye hajapata kuliona bwawa la namna hiyo. Kiini chake si kuogelea. Kiini chake ni haki katika kupima. Na pale ambapo kipimo si cha haki, hukumu haiwezi kuwa ya haki.

MALI YA WAVUJA JASHO

Haina budi kukumbukwa kwanza kwamba mabwawa ya umma ya Uingereza hayakuanza kama anasa ya matajiri. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoingia katika mji wa bandari wa Liverpool, mwanamke mmoja mhamiaji kutoka Ireland, Kitty Wilkinson, aliyekuwa na boila ya maji moto nyumbani kwake, aliwaruhusu majirani zake maskini kufulia humo nguo na matandiko ya wagonjwa. Mwaka 1842 mji huo ulifungua katika mtaa wa Frederick Street nyumba ya umma ya kuogea na kufulia. Miaka minne baadaye, mwaka 1846, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoziruhusu serikali za mitaa kujenga nyumba kama hizo kwa fedha za umma. Bafu hizo za wafanyakazi wa viwandani na bandarini ndizo zilizofungua njia ya mabwawa ya umma yaliyoenea katika miji ya nchi hiyo.

Siku hizi mabwawa hayo ni sehemu ya elimu. Mtaala wa shule za England unataka kila mtoto amalizapo shule ya msingi, akiwa na umri wa miaka 11, awe anaweza kuogelea meta 25 bila wasiwasi. Hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 peke yake. Bwawa la umma linapofungwa, mtoto wa tajiri hubaki na bwawa la nyumbani kwao au la klabu ya wazazi wake. Mtoto wa dereva wa basi na wa mfagiaji wa hospitali hubaki hana kitu.

Na mabwawa yalifungwa. Septemba 2022, nchini Ufaransa, kampuni moja ya binafsi iliyokuwa ikiendesha mabwawa ya miji mbalimbali ilifunga kwa pamoja mabwawa yapatayo 30, ikitoa sababu ya gharama za nishati. Hapo lilionekana wazi jambo ambalo wajamaa wamelisema tangu zamani: huduma ya umma iliyokabidhiwa mikononi mwa mwenye kutafuta faida hudumu kwa muda ule tu ambao faida inadumu. Mjini Hannover, Ujerumani, halmashauri ilikata maji moto ya kuogea katika majengo yake, yakiwamo mabwawa. Kila mahali swali lilikuwa moja: majengo haya yanakula nishati kupita kiasi, yafanyweje?

Lakini kabla ya swali hilo lilikuwapo jingine ambalo wachache walilijibu: kupita kiasi gani? Kiasi hicho kimewekwa na nani, na kwa kulinganisha na nini?

MAJI YANAYOONDOKA NA MOTO

Asiyejua jinsi bwawa la ndani linavyofanya kazi hudhani kwamba nishati yake huishia katika kuyapasha maji joto mara moja, kama sufuria ya chai, kisha kazi imekwisha. Sivyo. Bwawa lenye urefu wa meta 25, upana wa meta 12 na nusu na kina cha wastani wa meta moja na nusu lina maji yapatayo lita 469,000. Kuyaongezea maji hayo nyuzi moja tu ya joto kunahitaji kama uniti 545, yaani kilowati-saa 545. Hicho ni kiasi kikubwa, lakini hasara kubwa zaidi ni ile inayorudiwa kila saa, usiku na mchana.

Maji ya bwawa huwekwa kwenye joto la nyuzi 28 hivi, na juu yake huwapo hewa. Maji hugeuka mvuke daima, na kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu theluthi mbili ya uniti. Bwawa likipoteza lita 30 tu kwa saa, limepoteza uniti 20 kwa saa hiyo. Kwa usiku mmoja wa saa 10, wakati hakuna hata mwogeleaji mmoja, uniti 200 zimepotea.

Mvuke huo haupotei pasipo kuleta madhara mengine. Ukiachwa ndani huozesha paa, huleta kutu katika vyuma na hutiririka kwenye vioo. Kwa hiyo mitambo ya kupitisha hewa lazima iutoe nje na kuingiza hewa mpya, ambayo katika majira ya baridi huingia ikiwa karibu na barafu na lazima ipashwe moto hadi izidi kidogo joto la maji. Kama mitambo haina kifaa cha kunasa joto la hewa inayotoka, ni sawa na kuwasha jiko katikati ya uwanja. Nazo pampu zinazozungusha maji katika machujio hazilali. Chujio likisafishwa, maji yaliyokwisha kupashwa joto humwagwa.

Jengo la namna hii si ofisi, wala si shule, wala si ghala. Atakayelipima kwa kipimo cha ofisi amefanya kama mtu aliyechukua kibaba kupimia nguo. Kibaba ni kipimo halali kabisa, lakini ni cha nafaka.

VIPIMO VYA WAINGEREZA

Waingereza walilitambua jambo hili. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa huduma za majengo cha nchi hiyo, CIBSE, kilitoa kitabu cha vipimo vya ulinganisho kwa majengo ya aina 29. Kitabu hicho kinajulikana kwa alama ya TM46. Kwa ofisi ya kawaida, kiwango kilichowekwa ni uniti 95 za umeme na 120 za joto kwa kila meta ya mraba ya sakafu kwa mwaka, jumla 215. Kwa shule ni 40 na 150, jumla 190. Kwa maktaba, makumbusho na nyumba za utamaduni ni 70 na 200, jumla 270. Kwa ukumbi wa michezo usio na maji ni 95 na 330, jumla 425. Kwa kituo cha bwawa la kuogelea ni 245 na 1,130, jumla 1,375. Meta moja ya mraba ya jengo la bwawa, kwa hiyo, inakubaliwa kutumia zaidi ya mara sita ya ile ya ofisi, na bado jengo likahesabiwa kuwa la kawaida.

Katika mwaka huo huo wa 2008, majengo makubwa ya umma ya England na Wales yalianza kutakiwa kubandika cheti mahali ambapo mwananchi aingiapo atakiona. Cheti hicho kinaonyesha matumizi halisi ya jengo, yaliyosomwa kwenye mita, na kulipa daraja kuanzia A hadi G. Alama 100 ni ya jengo la kawaida la aina yake. Chini ya hapo ni nafuu, juu ya hapo ni uharibifu. Tangu mwaka 2015 sharti hilo linayagusa majengo ya umma yenye eneo la zaidi ya meta za mraba 250 ambayo wananchi huyatembelea mara kwa mara. Huo ni utaratibu wa kuigwa, kwa sababu unamwezesha mlipa kodi wa kawaida kumwuliza mkurugenzi wake swali lenye tarakimu.

Hata hivyo, kipimo kizuri chaweza kutumiwa vibaya. Uchukuliwe mfano wa hesabu wa kituo chenye sakafu ya meta za mraba 3,000, ambazo 1,200 ni za bwawa na vyumba vyake vya kubadilishia nguo, na 1,800 ni za ukumbi wa michezo mikavu. Kwa mwaka kituo kinatumia uniti 3,000,000, yaani 1,000 kwa kila meta ya mraba. Meneja akiliandikisha jengo zima kuwa ni bwawa, atajisifu kwamba yuko chini ya kiwango kwa asilimia 27. Mpinzani wake akiliita ofisi, atapiga kelele kwamba matumizi ni zaidi ya mara nne ya kiwango. Mtu mwaminifu atakipa kila kipande kipimo chake: 1,375 kwa meta 1,200 na 425 kwa meta 1,800, na atapata kiwango cha haki cha uniti 805 kwa kila meta. Hapo ukweli utajulikana. Kituo kimezidisha kwa asilimia 24. Si mwizi, lakini si mwadilifu. Ana kazi ya kufanya.

Mfano huo ni wa karatasi, lakini dhuluma ya kipimo ilitokea kweli. Januari 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango mpya wa nafuu ya bei ya nishati, na nafuu kubwa ilitengewa sekta zilizohesabiwa kuwa zinatumia nishati nyingi na zinashindana katika biashara ya nje. Maktaba na makumbusho ziliingia katika orodha hiyo. Mabwawa ya kuogelea yaliachwa nje. Jengo la uniti 270 kwa meta ya mraba lilisaidiwa kama mtumiaji mkubwa, na jengo la uniti 1,375 likaambiwa lisubiri. Hakuna anayezionea maktaba wivu. Jasho la mwanafunzi msomaji ni jasho pia. Lakini orodha iliyotungwa kwa kuangalia makundi ya biashara, pasipo kuangalia mita iliyo ukutani, ndiyo iliyozaa kichekesho hicho. Machi 2023 serikali ililazimika kutenga paundi milioni 63 kwa ajili ya mabwawa ya umma ya England.

BWAWA LILILOFUNGWA HALITUMII UNITI

Wapo wataalamu wanaosema kwamba hata meta ya mraba ya sakafu haitoshi. Hoja yao ina uzito. Joto halipotei kwa wingi sakafuni, linapotea juu ya maji. Kituo chenye ukumbi mpana wa watazamaji na bwawa dogo kitaonekana hodari kwa sababu tu kina sakafu kubwa ya kugawanyia uniti zake. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha mji wa Trondheim, Norwei, walichapisha uchunguzi wao wa mabwawa ya nchi hiyo, wakaonyesha kwamba tofauti baina ya jengo na jengo ni kubwa mno na kwamba vipimo vinavyotumika havilingani. Kuhesabu kwa eneo la maji ni njia inayokaribia zaidi chanzo cha hasara yenyewe.

Wamarekani wamechukua njia nyingine. Mpango wa serikali yao uitwao ENERGY STAR huyapa majengo ya aina nyingi alama ya 1 hadi 100, na anayefikia 75 aweza kuomba cheti. Shule au hoteli yenye bwawa huongezewa posho ya nishati kulingana na ukubwa wa bwawa, na kulingana na kama liko ndani au nje. Posho hiyo imekokotolewa kwa kanuni za uhandisi. Hii ni njia ya haki kwa shule, maana mwalimu mkuu hatahukumiwa kwa sababu tu shule yake ina bwawa.

Lakini liko jambo zito kuliko hayo yote. Kipimo chochote kinachohesabu uniti bila kuhesabu watu kina mtego ndani yake. Bwawa lililofungwa halitumii hata uniti moja. Kwa hesabu ya uniti tupu, ndilo bwawa bora kuliko yote duniani. Meneja anayefukuza madarasa ya watoto wa asubuhi ataona matumizi yake yanashuka, naye atasifiwa. Na tuseme bwawa moja linatumia uniti 2,000,000 kwa mwaka na kuhudumia waogeleaji 100,000, na la pili linatumia 1,500,000 na kuhudumia 50,000. La kwanza ndilo linaloonekana la kifisadi kwenye karatasi. Kumbe kila mwogeleaji wake amegharimu uniti 20, na wa la pili uniti 30.

Kwa hiyo daftari la haki halina budi kuwa na safu tatu: uniti zilizotumika, eneo lililotumika, na watu waliohudumiwa. Safu ya tatu ikiondolewa, kipimo kinageuka kuwa silaha mikononi mwa wale ambao tangu awali hawakutaka mfanyakazi awe na bwawa.

DAWA IKO WAPI

Thamani ya kupima ni kwamba kunaonyesha mahali pa kutia dawa. Fedha zile za Uingereza za mwaka 2023 ziligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ililipa gharama zilizokuwa zikivikaba vituo wakati ule. Sehemu nyingine, iliyokuwa kubwa zaidi, ilinunua vitu kama vifuniko vya mabwawa, paneli za jua na pampu za joto. Sehemu ya kwanza iliokoa kipindi kimoja na kuondoka kwa njia ya bomba la moshi. Sehemu ya pili imebaki ndani ya jengo, nayo itaendelea kulipa kila mwaka.

Dawa nyingine si za gharama kubwa. Kifuniko cha kutandazwa juu ya maji usiku huzuia sehemu kubwa ya mvuke. Pampu ikipunguzwa mwendo kwa asilimia 20 wakati waogeleaji ni wachache, umeme wake hushuka karibu nusu, kwa kuwa nguvu inayohitajika hupungua upesi kuliko mwendo. Kwa majengo mapya, Wajerumani walionyesha njia mwaka 2011 katika miji ya Lünen na Bamberg, na Waingereza wakafuata katika mji wa Exeter mwaka 2022. Majengo hayo yana kuta na vioo vilivyozuiliwa baridi kwa uangalifu mkubwa. Kwa kuwa vioo havipoi, hewa ya ndani yaweza kuachwa na unyevu zaidi bila maji kutiririka ukutani. Na hewa ikiwa na unyevu, bwawa hupunguza kutoa mvuke. Hiyo ni akili iliyotokana na kupima, haikutokana na kufunga milango.

FUNZO KWA TANZANIA

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Ni kweli kwamba Tanga au Mwanza hakuna haja ya kupasha moto bwawa. Lakini kasoro ya kupima kwa kipimo kisicho chake haina pasipoti, nayo yaweza kuingia katika ofisi yoyote. Hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji na majokofu ya chanjo haiwezi kulinganishwa uniti kwa uniti na ofisi ya mkuu wa wilaya. Shule ya bweni ya Makete, kwenye baridi kali, haiwezi kuwekwa mizani moja na shule ya kutwa ya Tanga. Atakayechukua ankara za umeme za majengo hayo, akazipanga kuanzia kubwa hadi ndogo na kumkemea aliye juu, atakuwa amefanya kazi ya kelele tu.

Wapo pia watakaosema kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeondoa haja ya kubana matumizi. Hiyo ni hoja ya mrithi mpotevu. Jasho lililojenga bwawa lile ni la wananchi wote, na uniti inayopotea katika ofisi iliyoachwa wazi huku mashine ya kupoza hewa ikinguruma ni uniti iliyonyimwa zahanati au kinu cha kijiji. Mita ya LUKU humwambia mtu ni kiasi gani kimekwisha. Haimwambii kimekwenda wapi, wala kama kilimfaa mtu. Hilo ni jukumu la binadamu mwenye daftari.

Daftari hilo halihitaji mtaalamu wa kigeni. Ofisa utumishi aweza kuagiza mita isomwe kila Jumatatu asubuhi, tarakimu iandikwe, eneo la jengo lipimwe kwa futi kamba, na idadi ya waliohudumiwa iandikwe pembeni. Kisha zahanati ilinganishwe na zahanati, bweni na bweni, ofisi na ofisi. Mwalimu wa hisabati aweza kuifanya kazi hiyo kuwa somo. Wanafunzi wanaosoma mita ya shule yao, wakachora grafu na kuueleza mkutano wa shule kwa nini mwezi wa saba ulizidi wa sita, wanajifunza ile Elimu ya Kujitegemea ambayo Mwalimu Nyerere aliieleza mwaka 1967, na wanajifunza uwajibikaji kabla hawajapewa ofisi.

Kiongozi wa umma hapimwi kwa wingi wa milango aliyofunga. Anapimwa kwa huduma aliyotoa kwa kila uniti na kila shilingi aliyokabidhiwa. Mabwawa ya Ulaya yamefundisha kwamba asiyepima hufunga ovyo, na apimaye kwa kibaba cha mwenzake huonea. Kila mkuu wa jengo la umma, basi, na aanze kwa kulifungua daftari.